Mke Aliyebaki Southsea

Mwanzoni mwa Mei, mzee Abdullatif alipoanza kumpisha mkewe njia ukumbini na kumwamkia kama mgeni, Bi Tufaha alidhani ni mzaha. Mumewe alikuwa mtu wa mizaha tangu ujanani. Basi naye akaupokea mzaha, akaitikia kwa madaha, akacheka. Abdullatif hakucheka. Alisimama mgongo ukutani, mikono kaiweka nyuma, macho kayatupa sakafuni, kama mwanamume wa adabu aliyejikuta peke yake nyumba moja na mwanamke asiyemhusu.

"Samahani, bibi," alisema. "Wenyewe nyumba hii wanarudi lini?"

Tufaha akamwambia wenyewe ndio wao wawili. Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia uongo na hataki kumuumbua aliyeusema. Akaenda kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, magoti kayabana, akangoja.

Maradhi yenyewe hayakuwa mageni. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu daktari awaambie kwamba akili ya mzee inapungua na itaendelea kupungua. Kwanza zilipotea funguo na miwani. Kisha ikapotea bandari aliyoifanyia kazi ya ukarani tangu waingie Dubai, yakapotea majina ya wajukuu, kisha likapotea jina la Rahaf, binti yao wa pekee, ambaye huja kila jioni kutoka kwake Al Nahda na kumbusu baba yake mkono. Yote hayo Tufaha aliyabeba. Alijiambia kuwa watu wanasahauliwa kwa zamu, na zamu yake yeye itakuwa ya mwisho kabisa, pengine asiione. Hakujua kwamba atasahauliwa na huku anakumbukwa.

Maana Abdullatif hakuwa amemsahau Tufaha. Alikuwa akimtaja kutwa. Ila Tufaha aliyemtaja alikuwa Southsea, ana miaka ishirini na kitu, anamngojea gatini.

Southsea ni mji wa pwani kusini mwa Uingereza, umeshikana na Portsmouth, mji wa kwenda watu wakati wa kiangazi kupunga upepo. Abdullatif alifika huko kijana baada ya kuondoka Unguja, kama walivyofika wengine wengi wa kwao, akapata kazi ya kukodisha viti vya turubai ufukweni. Tufaha alimfuata kutoka Mombasa, bi harusi ambaye hina haijamtoka mikononi. Wakapanga chumba cha juu kabisa katika nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Kiingereza, Missis Doreen, na Tufaha akawa mtandika vitanda wake. Walikaa huko miaka kumi na mitano. Rahaf alizaliwa huko. Kisha kaka zake Abdullatif waliokuwa Dubai wakaita, Tufaha akasema twende, wakaenda.

Mji ule mdomoni mwa Abdullatif ulikuwa kipande cha pepo. Tangu wahamie Dubai, mtaa wa Al Mankhool, hakuacha kuuhadithia, hata kabla ya maradhi. Atakwambia juu ya gati refu lililoingia baharini, ambalo halikuwa la meli wala mizigo, bali la kutembea tu na kusikiliza muziki. Atakwambia juu ya ziwa dogo lenye mashua za umbo la bata maji, watu wazima wamo ndani wanakanyaga pedali na kuona haya. Juu ya peremende ndefu kama fimbo ambazo ukizivunja popote unakuta jina la mji limeandikwa ndani kwa rangi nyekundu. Juu ya samaki na chipsi za siki ndani ya karatasi, za kuliwa kwa mkono huku unamfukuza shakwe. Na wazee wa Kizungu waliokuja kwa gari, wakaegesha mbele ya bahari, wasishuke, wakanywa chai yao ya chupa humo ndani wakitazama mvua inavyonyesha juu ya maji, kisha wakarudi kwao wameridhika.

Tufaha alikumbuka mji mwingine. Alikumbuka baridi inayoingia kwa chini ya mlango. Alikumbuka shuka za wageni, mchanga wa wageni ndani ya beseni la kuogea, na mwezi wa Novemba, madirisha ya maduka yote ya pwani yamepigiliwa mbao na hakuna mtu wa kumwambia neno la Kiswahili mpaka mume arudi. Missis Doreen alikuwa mtu mwema, hata kikaango cha mayai alimwekea chake mbali, kisiguswe na nguruwe. Lakini mwema mmoja hajazi mji. Kwa hiyo mumewe alipokuwa akihadithia, Tufaha alizoea kuinuka na kwenda kutazama chungu.

Sasa aliketi na kusikiliza, kwa kuwa alikuwa akihadithiwa yeye.

"Mke wangu umbo lake dogo," Abdullatif alimwambia siku moja, kutoka kwenye kile kiti cha karibu na mlango. "Akivaa koti langu humwoni. Akicheka hufunika mdomo. Nimemwambia asifunike, hasikii."

Tufaha, mwenye miaka sabini na tatu, mnene, magoti yamemvimba, alifunika mdomo wake kwa mkono bila kutaka.

"Ndiye mimi, Abdullatif. Nitazame. Mimi ndiye Tufaha."

Uso wa mzee ukabadilika. "Bibi," alisema, "usifanyie mchezo jina la mke wa mtu."

Toka siku ile hakumruhusu kumgusa. Akitaka kumfunga vifungo vya kanzu anarudi nyuma. Akitaka kumwogesha anashika mlango wa msalani kwa ndani. Ikabidi kazi yote hiyo iwe ya Fridah, Mkenya wa Meru aliyeajiriwa kumtunza mzee, kwa kuwa Fridah alivaa sare nyeupe, na mzee alikwisha kumweka akilini kama muuguzi. Muuguzi hana haramu. Tufaha alisimama nje ya mlango wa msalani akisikia maji yanavyomwagika juu ya mgongo alioujua kwa miaka hamsini.

Rahaf alikuwa na wazo lake. Alisema kama baba anataka pwani, basi Dubai pwani ipo. Mwisho wa Juni, jioni, walimpeleka ufukweni Jumeirah. Mzee alifurahi ndani ya gari, akavua viatu mwenyewe, akakunja suruali, akaingia majini hadi kwenye vifundo. Akasimama. Akageuka.

"Maji haya kayachemsha nani?"

Walicheka wote, na Tufaha akacheka mpaka machozi, maana ni kweli bahari ilikuwa ya moto kama maji ya kuogea. Kisha mzee akainama na kuanza kupapasa mchanga chini ya maji. Alikuwa anatafuta kokoto. Ufukwe wa Southsea hauna mchanga, una mawe madogo ya mviringo, ukitembea yanalia. Alipapasa kulia na kushoto, na alipoona hakuna hata jiwe moja alianza kulia kwa sauti mbele ya watu, akisema bahari imekwisha kuchukua kila kitu na mkewe yuko wapi. Walimrudisha nyumbani akiwa amelowa.

Baada ya hapo akagoma kula. Si kwa ugomvi. Abdullatif hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa akishukuru, anasukuma sahani mbele, anasema hawezi kula chakula cha watu kila siku, atakula kwake na mkewe. Maji pia. Fridah alimbembeleza kwa Kiswahili chake cha bara, akapata kumwingizia vijiko viwili vitatu vya uji, siku nyingine hata hivyo havikuingia. Kufika Agosti, saa yake ya mkononi ilikuwa inateleza hadi kiwikoni.

Ilikuwa Jumapili. Fridah alikuwa kanisani na mlango ulikuwa na ufunguo wake, kwa sababu mtu wa maji alikuwa ametoka kuleta chupa na Tufaha hakuuchomoa. Adhana ya adhuhuri ikaita. Tufaha akaswali chumbani, akakaa kidogo juu ya msala wake kuomba, kwa kuwa siku hizo alikuwa na mengi ya kuomba. Aliporudi ukumbini, kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu na mlango uko wazi.

Alishuka bila viatu. Chini kwenye lango alimkuta Hesbon, mlinzi wa jengo, ambaye alimsalimu kwa furaha na kumwuliza kama mzee amesahau kitu.

"Umemwona?"

"Ametoka sasa hivi, mama. Amevaa koti na tai, na mwavuli. Nikamfungulia mlango. Nilidhani wewe unamfuata." Hesbon alimtazama miguuni, akaelewa. "Mungu wangu. Nilidhani unamfuata."

Nje jua lilikuwa limesimama wima. Saa hiyo Agosti hata paka hawapiti barabarani. Hesbon alikimbia upande wa duka kubwa, Tufaha akaenda upande wa msikiti, kanga kichwani, lami inamchoma nyayo mpaka mtu mmoja wa duka la simu akamtupia kandambili. Hakuna aliyemwona mzee mwenye koti. Rahaf alipigiwa simu, akapiga polisi, akaingia njiani kutoka Al Nahda. Tufaha alisimama pembeni mwa barabara na kujilazimisha kufikiri. Alitaka kufikiri kama Abdullatif, na ili kufikiri kama Abdullatif ilimbidi aende Southsea, mahali alipokataa kwenda kwa mawazo yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtu aliyevaa koti na kuchukua mwavuli anakwenda wapi? Anakwenda gatini. Na gatini watu walikuwa wakienda kwa basi.

Akasimamisha teksi, akasema Al Ghubaiba, kituo cha mabasi.

Alimwona kabla gari halijasimama. Pale kituoni pana chumba cha kioo chenye baridi ya mashine, na abiria wote walikuwa humo. Abdullatif peke yake alikaa nje, kwenye benchi ya chuma juani, tai kaikaza, mwavuli kaushika wima katikati ya magoti. Uso ulikuwa mwekundu na mkavu, hauna hata tone la jasho. Dereva mmoja wa Kipakistani alikuwa amemsimamia na chupa ya maji. Alimweleza Tufaha kwa Kiarabu cha kuunga kwamba mzee hataki kuingia ndani, hataki maji, anauliza basi la baharini, anashukuru tu.

Mzee alipomwona mwanamke mtu mzima amesimama, aliinuka ampishe akae. Magoti yakakataa. Akakaa tena.

"Abdullatif, twende nyumbani. Nakuomba kwa Mungu."

"Siwezi, bibi. Yuko gatini saa hizi. Ana koti jembamba." Ulimi ulikuwa mzito kinywani. "Nikichelewa anadhani nimemwacha."

Tufaha akapiga magoti pale chini mbele ya watu, akamshika mikono yote miwili. Mzee akajaribu kuichomoa. Alijaribu kwa nguvu alizokuwa nazo, ambazo zilikuwa kidogo sana, na katika kujaribu macho yakapinduka, akamwangukia begani. Kwa muda ule waliokuwa wakingojea gari la wagonjwa, alimkumbatia mumewe kwa mara ya kwanza tangu Mei, na alikuwa wa moto kama sufuria.

Hospitali walimrudishia fahamu, lakini daktari aliwaita pembeni akasema figo zimechoka. Dripu itasaidia akikubali kuiacha mkononi, na zaidi ya hapo lazima anywe mwenyewe. Abdullatif hakuiacha. Aliing'oa mara ya kwanza, damu ikaruka shukani. Aliing'oa mara ya pili. Ya tatu wakamfunga mikono kwa vitambaa laini kwenye vyuma vya kitanda. Mtu aliyekuwa akiwapisha wanawake njia akalala amefungwa, akiwaambia wauguzi kwa Kiingereza safi kwamba kuna makosa, yeye si mwizi, waulizeni pale kwa Missis Doreen.

Kila gilasi ilirudi ilivyokwenda. Fridah alijaribu. Rahaf alijaribu, akapiga magoti, akalia. Siku ya pili midomo ya mzee ilikuwa imepasuka na sauti imekauka, na daktari hakusema tena "akipona", alisema "tuone".

Tufaha alimwinamia kitandani, akamwambia kila alichojua. Akamtajia mahari. Akamtajia rangi ya zulia la ngazi za Missis Doreen. Akamwambia Tufaha ni huyu hapa, amezeeka kwa sababu watu huzeeka, mwangalie. Mzee alifumba macho kwa aibu, kama mtu anayesemeshwa na mwendawazimu njiani.

Hapo ndipo Rahaf alipotoa simu yake. Alikuwa na picha moja ya zamani aliyoipiga kutoka kwenye albamu. Wazazi wake wamo, wamekaa kwenye viti vya turubai, upepo umeuinua mtandio wa mama yake, koti la baba liko mabegani mwa mama, na nyuma yao bahari ya kijivu. Alidhani baba akiuona uso ule na uso huu pamoja ataunganisha.

"Baba, mtazame. Kisha mtazame mama."

Abdullatif aliiangalia picha muda mrefu.

"Umeipata wapi?" Hakumwuliza Rahaf, alimwuliza Tufaha. "Kakupa mwenyewe?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Miezi mitatu alikuwa akilisema lile lile. Tufaha akatazama gilasi ya maji juu ya kimeza, imejaa tangu asubuhi. Akatazama vile vitambaa.

"Ndiyo," akasema. "Kanipa mwenyewe."

"Unamjua?"

"Nafanya naye kazi. Kwa Missis Doreen. Yeye anatandika vyumba vya juu, mimi vya chini."

Kwa mara ya kwanza tangu Mei mzee alimtazama usoni, akamtazama sawasawa, kama mtu anavyotazamwa.

"Jina lako nani, bibi?"

Jina la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa Masuda. Hata leo hajui lilitoka wapi.

"Bi Masuda," alisema mzee. "Anasemaje mke wangu?"

"Anasema leo kachelewa. Nyumba imejaa wageni, vitanda haviishi. Anasema umngojee, lakini usimngojee na kiu, atakukasirikia."

"Hukasirika kweli yule," Abdullatif akasema, na midomo iliyopasuka ikacheka. Akafungua kinywa. Tufaha akamnyanyua kichwa, naye hakukataa, akanywa gilasi nzima mpaka maji yakamtiririka shingoni. Akaomba nyingine. Rahaf aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika, na Tufaha akaendelea kushika gilasi. Lakini moyoni alikuwa kama mtu aliyeombwa aandike talaka yake mwenyewe, akaiandika kwa hati nzuri.

Basi ndivyo walivyoishi. Mzee akarudishwa Al Mankhool, akala, akanywa, mwili ukarudi kidogo. Kila asubuhi Tufaha alivaa buibui, akatoka mlangoni polepole, akasimama kwenye korido pamoja na viatu vya majirani, kisha akabonyeza kengele ya nyumba yake mwenyewe. Fridah alifungua. Siku za mwanzo Fridah alishindwa kulisema jina, lilimkwama. Alimwambia Tufaha ni kama anamzika mtu aliye hai. Baadaye akazoea, akawa anaita kwa sauti, "Mzee, Bi Masuda amekuja!" na mzee akajiweka sawa kwenye kiti, akaziangalia kucha zake kama ni safi.

Alitaka habari. Tufaha alizileta. Mke wako leo kapanda ngazi na ndoo mbili. Mke wako kaona shakwe kamnyang'anya mzungu mkate. Mke wako kanunua sufu, anakufumia soksi. Mzee alisikiliza kwa mwili wote. Hakumwuliza Masuda jambo hata moja juu ya Masuda. Kuna siku Tufaha aliingia amevimba macho kwa kilio na mzee hakuona. Alimwuliza tu kama mkewe kavaa vizuri, maana huko nje upepo.

Habari za uongo zilimwishia. Ikawa Oktoba, Novemba, Dubai imepoa na watu wamefungua madirisha, na akaanza kumpa za kweli, zile ambazo hakuwahi kumpa alipokuwa mkewe. Akamwambia kwamba mkewe hulia anapotandika vitanda. Kwamba huifungua redio si kwa kusikiliza, bali ili chumba kiwe na mtu. Siku moja, jua la asubuhi limeingia mpaka kwenye miguu ya mzee, akamwambia kubwa zaidi.

"Mkeo hapapendi hapa, Abdullatif. Anataka mhame. Anaogopa kukwambia, kwa sababu wewe unapapenda."

Alingoja. Mzee alikunja na kukunjua leso yake.

"Najua," alisema. "Usimwambie kuwa najua. Ananifichia, na mimi namwachia anifiche. Siku akisema twende, tutakwenda."

"Na gati lako? Viti vyako?"

"Viti ni vya mwenye viti," akasema, akashangaa kuulizwa. "Mimi nina mke."

Tufaha alitaka kumshika mkono. Masuda hakuwa na ruhusa hiyo. Akasema mkeo atafurahi kusikia, na mzee akamhimiza tena asimwambie, naye akaahidi. Ahadi hiyo ilikuwa nyepesi kuitimiza, na ilimkaa kifuani kama jiwe.

Desemba mzee alianza kuwa na wasiwasi. Alimtazama Masuda, akatazama mlango. Hatimaye akamwomba akae, akasema naye kwa upole mwingi, maneno kayapanga.

"Bi Masuda, wewe mtu mwema. Lakini usije tena kila siku. Mke wangu akisikia mwanamke yuko kwangu kila asubuhi, ataumia."

"Yeye ndiye anayenituma."

"Anakutuma, na ataumia. Hatasema. Mimi namjua."

Alitafuta katika kila alilolijua juu ya mwanamume yule na hakupata jibu, kwa sababu alilosema ni kweli: mke wake angeumia, na angenyamaza. Tufaha aliinuka, akamuaga, akatoka mlangoni na buibui lake, akazunguka akaingia kwa mlango wa jikoni.

Hapo jikoni ndipo alipokaa. Fridah alimwekea kiti nyuma ya mlango wa ukumbi, ukaachwa na upenyo. Kutoka hapo alimsikia mumewe akikohoa, akiuliza saa, akimhadithia Fridah juu ya Tufaha. Alijua ametulia au hajatulia kwa jinsi anavyoburura kandambili. Rahaf alipokuja jioni na kumkuta mama yake ameegemeza kichwa kwenye ubao wa mlango, alisema imetosha, atamwambia baba ukweli kwa nguvu, liwalo na liwe. Tufaha akamshika mkono. Akamwambia mkiniondolea na huyu anayehadithiwa, mimi nitabaki nani? Rahaf hakuelewa. Pengine hata Tufaha mwenyewe hakuelewa vizuri, ila alijua kwamba ndani ya chumba kile kulikuwa na mwanamke anayependwa, na hakutaka auawe.

Januari kifua kilimbana mzee. Daktari alikuja, akaenda, hakusema mengi. Asubuhi moja Fridah alitokea jikoni na sifongo mkononi, ikichuruza maji sakafuni.

"Bi Tufaha, kuja. Pumzi yake imebadilika."

Aliingia kama alivyo, kichwa wazi, kanga ya nyumbani. Abdullatif alikuwa amefumba macho. Tufaha alipanda kitandani kwa yale magoti yake, akamweka kichwa mapajani, akamsomea shahada sikioni, tena na tena, na katikati akamwambia jina lake, mara moja tu, taratibu, bila kudai. Mzee hakumfukuza. Kama alisikia au hakusikia, Mungu ndiye ajuaye. Pumzi zikawa mbali mbali, kisha hazikuja.

Walimwosha Al Quoz, karibu na makaburi. Waoshaji walikuwa tayari na walimwuliza Rahaf nani atakayesimamia. Tufaha akasema mke ana haki ya kumwosha mumewe. Hakuna aliyebisha. Alimwagia maji yeye, kuanzia kulia, akampitisha mkono mgongoni, na hakuharakisha. Wanaume wawili waliomsaidia kumgeuza walitazama chini.

Kisha ikawa eda, Tufaha ndani, nguo nyeupe, watu wanakuja na kutoka. Wanawake wa Kiunguja wa Dubai walimsifia marehemu, wakasema alikuwa mtu wa kuipenda sana ile Uingereza yake, na Tufaha akaitikia. Walipopungua, akabaki yeye na Fridah, ambaye hakuwa bado amepata kazi nyingine na Rahaf alimwomba akae. Adhuhuri moja walikuwa wanachambua mchele mezani. Fridah akasema miezi yote ile amesikia habari za mji ule kutoka kwa mzee, lakini mzee alikuwa mgonjwa. Yeye mama aliyekuwa huko na akili zake, ulikuwaje kweli?

Tufaha alifungua kinywa aseme baridi. Akasema kuna siku ilikuja ghafla, mwisho wa Aprili, jua lilitoka baada ya majira mazima ya kijivu, na mji mzima ukashuka pwani kama uliopigiwa ngoma. Makarani na tai zao, wauza nyama na aproni zao, watoto na sare za shule. Walilala juu ya mawe na soksi miguuni. Missis Doreen mwenyewe alifunga nyumba, akavua viatu, akamshika mkono, wakaingia majini wote wawili na nguo zao, na maji yalikuwa yakikata kama wembe, nao wakapiga kelele kama vichaa, na Abdullatif juu kule, amebeba viti vinne vinne, aliviangusha vyote kwa kucheka.

"Kisha?" Fridah akauliza.

Tufaha alikuwa ameacha mchele. Akasema kisha walikaa kwenye mawe wakaushwe na jua, na jua halikuwa na nguvu ya kumkausha mtu, na hakuna aliyetaka kuondoka. Akasema mawe yale yalikuwa na rangi yakiwa na maji, yakikauka yanakuwa meupe. Akasema na jambo jingine, na jingine tena, sauti imepanda, maneno yanagongana, macho kwenye kile kiti cha karibu na mlango, na Fridah akatoa mikono kwenye sinia, maana mama hakuwa tena anamsimulia yeye.